Goti la Fundi Vigae

"Unatafuta panya?"

Mtu aliyeulizwa hakugeuka. Alikuwa amesimama katikati ya korido ya hospitali, saa tatu asubuhi, watu wakimpita kushoto na kulia, vitanda vya magurudumu vikimwomba njia, naye kwa ncha ya gongo lake alikuwa akigonga sakafu. Ko. Ko. Ko. Alipofika kigae cha nne sauti ikabadilika, ikawa tupu kama ya debe.

"Wewe bwana mwenye magongo, nakuuliza. Unatafuta panya?"

"Kigae hiki kina uwazi chini," alijibu, macho bado sakafuni. "Aliyekiweka alipaka gundi katikati tu. Ukikikanyaga kwa gongo kinacheza, na kikicheza unakwenda chini. Pita huku."

Ndipo akainua uso. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, skafu ya kijani kichwani, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Chini alivaa suruali ya michezo, mguu wa kushoto umepasuliwa mpaka juu ya goti, na mpasuko ule ukashonewa ukingo mwekundu, nadhifu, ungedhani ndivyo ilivyouzwa dukani. Ndani ya mpasuko ilionekana bandeji. Naye pia alikuwa na magongo mawili.

"Basi umeniokoa," alisema.

"Sijakuokoa. Nimekiona kigae tu."

"Mtu akikushukuru, pokea. Ala! Hujafundishwa kwenu?"

Wakajikuta wanakwenda upande mmoja, chumba cha mazoezi ya viungo, na wakajikuta benchi moja, maana lilikuwa ndilo benchi pekee. Palinuka dawa ya kuchua na jasho.

"Goti?" mwanamke aliuliza.

"Goti. Na wewe?"

"La kushoto. Nafundisha udereva. Mwanafunzi wangu alitafuta breki akapata mafuta, ukuta ukatupokea. Hapa wote wananiita Mwalimu. Na wewe ulikuwa unacheza mpira na kitambi hicho?"

"Mimi ni fundi vigae. Nilikuwa nashuka ngazi na maboksi mawili."

"Mawili? Ulikuwa unashindana na nani?"

"Na haraka yangu."

Mwalimu alicheka kwa sauti, wagonjwa wakageuka. Fundi naye alicheka kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki tatu.

Ambacho hakumwambia ni ile sauti. Mguu ulipokosea kipandio, goti lilikwenda upande na mwili ukaenda upande wa pili, na katikati akasikia *ta!*, sawasawa na kigae kinapokatika kwenye mashine. Alikuwa ameisikia sauti hiyo maelfu ya mara katika maisha yake, ila si ndani ya nyama yake. Madaktari wakamfungua, wakaunga kano, wakakaza skrubu mbili. Tangu hapo mguu ule aliubeba kama mtu abebaye kioo cha dirisha sokoni. Akigeuka kitandani, masikio yake yalikuwa yanaisubiri ile sauti. Alikuwa na miaka arobaini, hajaoa, na maisha yake yote ya kazi aliyapitisha akipiga magoti kwenye nyumba za watu. Asipoweza kupiga magoti hakuwa fundi. Na kama si fundi, hakujua ni nani.

Aliyesimamia mazoezi alikuwa jitu la mabega mapana, vidole vinene, na sauti laini kama ya mwimba kwaya. Kila mgonjwa alimwita "mpendwa". Wagonjwa wao walimbatiza Koleo.

"Pumua, mpendwa," alimwambia Fundi, mkono mmoja juu ya paja, mwingine kwenye kifundo. Alipoanza kukunja, Fundi alikakamaa mwili mzima, kuanzia taya.

"Legeza."

"Nimelegeza."

"Umelegeza nini? Kitanda kinatetemeka!"

Koleo alitoa kifaa cha plastiki cha kupimia pembe. "Arobaini na tano. Tisini ndiyo ya kukaa kwenye kiti kama watu. Mia na ishirini ndiyo ya kupiga magoti ukafanya kazi. Unanielewa?"

Fundi hakuhitaji kueleweshwa. Tisini ilikuwa kona ya chumba. Aliijua kwa guni, kile kipimo chake cha kona, aliijua kwa macho, aliijua hata gizani. Ila hakuwahi kudhani kuna siku ataidai kwenye mguu wake.

Mwalimu alipata hamsini. Aliuma skafu yake, hakutoa sauti, machozi yakamshuka mpaka kwenye ukosi wa shati.

"Nyumbani," Koleo aliwaambia wote wawili, "unalala chali, unaburuza kisigino kije huku kwenye makalio, unashikilia, unarudisha. Mara thelathini, kutwa mara tatu. Hapa mnakuja siku mbili tu kwa wiki. Kazi yenyewe iko kwenu."

Nje, wakisubiri magari, Mwalimu alinyoosha mkono. "Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nikiwa peke yangu naacha. Nikifika mara tano najiambia inatosha, leo nimechoka, kesho ipo. Saa kumi na mbili asubuhi nitakupigia, tunahesabu pamoja. Mtu mwingine akisikia, unaona haya kuacha."

Fundi akampa namba. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza kumwomba namba bila kutaka kutengenezewa bafu.

*

Asubuhi ya kwanza Fundi alijaribu. Mungu ni shahidi, alijaribu. Simu ilipolia aliiweka kifuani, spika wazi, akaanza kuburuza kisigino.

"Moja," Mwalimu alisema, anahema. "Uko nami?"

"Niko nawe."

"Mbili. Uwiii! Tatu... Fundi, wewe huumwi?"

Kitu ndani ya goti kilikaza. Jasho likamtoka Fundi kwenye nyusi. Masikio yakasimama, yakaisubiri. Akaurudisha mguu taratibu, akaunyoosha juu ya mto.

"Nne," Mwalimu alisema. "Fundi?"

"Aaah!" Fundi alisema. "Nne! Mama yangu!"

Ndivyo uongo ulivyoanza, na ukaendelea wiki saba. Kila alfajiri alilala chali, mguu umenyooka juu ya mto, simu kifuani, akihesabu mpaka thelathini na kuugulia panapostahili. Alikuja kuwa hodari. Alikuwa na "uuh" ya kumi za mwanzo, "aisee" ya kumi za katikati, na kuanzia ishirini na tano alimwita marehemu mama yake.

Dada yake mkubwa, aliyehamia kwake tangu siku ya upasuaji, alimkuta katika hali hiyo akiwa ameleta chai. Alisimama mlangoni na kikombe.

"Unaigiza nini, wewe?" alinong'ona.

Fundi alimpungia mkono atoke. Baadaye alimweleza, na dada mtu hakuona kosa. "Afadhali. Mguu umetoka kushonwa juzi, mtu anataka kuukunjakunja kama nguo! Acha upumzike, mdogo wangu. Ngoja nikuongezee mto."

Wala Fundi hakujiona mvivu. Alikuwa na sababu, na sababu yake aliipata kazini. Tangu ana miaka kumi na minne, siku ya kwanza aliyokabidhiwa mwiko, alifundishwa jambo moja na baadaye akalifundisha wengine: kigae kipya hakikanyagwi. Ukishakiweka, unafunga mlango wa chumba, unaweka ubao, unamfukuza hata mwenye nyumba. Anayekigusa mapema ndiye anayekiharibu. Na ndani ya goti lake kulikuwa na kitu kipya kilichowekwa juzi. Hao madaktari, aliwaza, wanajua kushona, lakini kuhusu vitu kushikana wangemuuliza yeye. Angengoja mpaka kikauke sawasawa, kisha angeanza kukunja kwa nguvu zote, na Mwalimu asingejua kitu.

Shida ni kwamba simu zile hazikuishia kwenye thelathini.

"Tumemaliza," Mwalimu angesema, akipuliza pumzi. "Haya, nipe umbea."

"Sina umbea. Niko ndani na dada yangu."

"Basi mimi ninao. Yule mwanafunzi wangu wa ukutani amekuja kunisalimia. Ameleta maua. Ananiuliza, mwalimu, tutaendelea lini?"

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia aanze na baiskeli."

Siku nyingine: "Umelalaje, fundi wangu?"

"Nimelala chali."

"Mtu wa kuulizwa hivyo akajibu hivyo, sijui nimekuokota wapi! Sema, nimelala nikikuwaza."

"Nimelala chali nikikuwaza."

Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Fundi, juu ya mito yake mitatu, alitabasamu akiangalia dari, kisha tabasamu likamwishia. Maana kila asubuhi mwanamke huyu alimpa machozi halisi, naye alimpa ya kuazima. Kila alipotaka kusema ukweli, aliona jinsi ulivyokwisha kuwa mkubwa, na akaogopa. Sasa alikuwa na hofu mbili, ya goti na ya simu, na hakujua ipi inayomkosesha usingizi.

Katika wiki ya tisa, siku ya kliniki, walikaa kwenye benchi nje ya lango. Mwalimu alikuwa amebaki na gongo moja. Alivaa gauni la bluu lenye mikono mipana na hereni ndogo za duara, na alikuwa akimenya karanga na kumtilia Fundi kiganjani, moja yeye, mbili Fundi.

"Nikuambie kitu?" alisema. "Kuna asubuhi naamka natamani kuitupa simu. Halafu nakusikia unavyolia, mtu mzima, najiambia, kama huyu anavumilia, mimi ni nani? Wewe ndiye umenikunja hili goti, mpenzi. Si Koleo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi ana kwa ana. Fundi alizishika karanga, asizile.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimefurahi," alisema. Na kweli alikuwa amefurahi. Karanga akazitia mfukoni.

*

Wiki ya kumi ilikuwa ya vipimo, vya kwanza tangu siku ile. Chumba kilijaa. Koleo aliweka kifaa chake kwenye goti la Mwalimu, akasoma, akapandisha sauti: "Mia na nane!" Wagonjwa wakapiga makofi. Mwalimu akajifuta macho kwa ncha ya skafu, akamgeukia Fundi. "Haya, zamu yako. Usiniaibishe."

Koleo alipima. Akakunja uso, akapima tena.

"Arobaini na nane."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Kifaa kimekosea," Mwalimu alisema. "Pima tena. Huyu anafanya kila siku, mimi mwenyewe namsikia. Analia!"

Koleo alimtazama Mwalimu, kisha akamtazama Fundi, na sauti yake laini ikazidi kuwa laini. "Mpendwa, goti hili halijakunjwa nyumbani hata mara moja."

Fundi aliangalia dirisha. Kama angekana, hata kwa uongo, pengine ingekuwa heri. Lakini aliangalia dirisha, na Mwalimu, mtu aliyezoea kusoma macho ya madereva, akaelewa.

Alimpata kwenye korido.

"Ulikuwa unafanya nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nikihesabu, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimelala."

"Umelala."

"Mguu juu ya mto."

"Na ile 'mama yangu'? Ile 'aisee, nakufa'?"

Mwenye kosa hutafuta ugomvi, na Fundi akautafuta. "Mguu ni wangu," alisema. "Nikiukunja, nisipoukunja, ni wangu."

"Ni wako. Na asubuhi zangu zilikuwa za nani?" Alilitengeneza gongo lake kwapani. "Wiki saba nimelia mbele ya mwanamume aliyelala kwenye mto. Usinipigie. Ukinipigia nitakutukana, na mimi nimelelewa vizuri, sipendi."

Akaenda, gongo likigonga sakafu, mbio kuliko alivyoruhusiwa.

Koleo ndiye aliyemkalisha Fundi. Alimsikiliza habari yote ya kigae kipya, mlango uliofungwa na ubao, na hakucheka.

"Goti si sakafu, mpendwa. Ni bawaba. Bawaba usipofungua mlango inashika kutu. Ndani mle makovu yameshikana, yamefunga. Una wiki mbili. Usipofika tisini, daktari mpasuaji atakupiga nusu kaputi alikunje kwa nguvu."

Daktari mpasuaji naye alikuwa mtu wa maneno machache. "Tutakulaza, tutakunja, makovu yatakatika. Ni dakika chache. Hatari zipo, lakini ndogo. Mara chache sana mfupa huvunjika."

Katika maneno hayo yote, Fundi alisikia la mwisho tu.

Siku hiyo hiyo alianza kukunja. Hakukuwa na simu, hakukuwa na mtu wa kumsikia, na alilia kilio ambacho hakukijua, kisicho na maneno. Dada yake aligonga mlango. "Acha! Utauvunja!" Alikuwa anasema kilekile ambacho Fundi mwenyewe alikisema kichwani. Akaendelea. Kila alipoburuza kisigino, mgongo ulimlowa kwa woga kabla maumivu hayajafika. Siku kumi na moja. Alimpigia Mwalimu mara tisa, simu ikaita mpaka ikachoka.

Koleo alipopima, ilikuwa sitini na mbili.

"Umejitahidi," alisema, na alimaanisha. "Lakini umechelewa. Alhamisi unalazwa. Sasa nisikilize. Kukunja hospitalini ni nusu ya kazi. Ukiamka tu, goti likunjwe, na siku za mwanzo likunjwe kila baada ya saa mbili, mchana kutwa. Ukiliacha, linarudi lilikokuwa, na safari ya pili huwa mbaya zaidi. Kwenu nani atakukunja?"

"Dada yangu."

"Dada yako alilia nilipokubandua plasta. Nataka mtu asiyekuonea huruma. Fikiri. Hakuna mtu mmoja duniani aliyekukasirikia?"

Fundi alifikiri kidogo tu.

"Yupo."

*

Uwanja wa kufundishia udereva ulikuwa nyuma ya gereji, umepangwa matairi ya zamani na vijiti vyenye vitambaa. Gari moja jeupe lilisimama katikati, kibao juu ya paa, injini imezimwa. Ndani alikaa Mwalimu peke yake, mikono miwili kwenye usukani. Fundi alivuka uwanja na gongo lake moja, mguu ukifagia vumbi, akafika dirishani bila Mwalimu kumwona.

"Mwalimu."

Alishtuka mpaka akapiga honi. "Nani kakwambia uje hapa?"

"Miguu yangu. Mmoja na nusu."

"Sina muda wa mzaha. Niko kazini."

"Mbona injini imezimwa?"

Mwalimu aliendelea kushika usukani. Fundi aliinama, akaona mguu wa kushoto juu ya klachi. Ulikuwa unatetemeka, kiatu kinagonga chuma, tik tik tik.

"Tangu Ijumaa," Mwalimu alisema, akiangalia mbele. "Nawaambia ofisini nalikagua gari. Leo siku ya nne nalikagua. Nikikanyaga klachi, nauona ukuta. Nimefika mia na kumi na tano, Koleo ameniruhusu, goti zima, na siwezi kutoka hapa."

"Lakini wewe huogopi kitu."

"Nani kakudanganya? Zile asubuhi nilikuwa nakuambia 'kaza moyo' huku meno yanagongana. Nilijua tuko wawili. Ndilo lililoniuma, Fundi. Si uongo wako. Niligundua nilikuwa peke yangu siku zote."

Fundi aliegemea mlango wa gari. Maneno aliyoyapanga njia nzima yalikuwa yamemwishia, akabaki na yale asiyoyapanga.

"Mimi ni mwoga," alisema. "Siku niliyoanguka nilisikia goti likilia kama kigae kinachokatika. Nikadhani nikilikunja litalia tena, nikalinyamazisha. Alhamisi wananilaza walikunje kwa nguvu. Naweza kuvunjika mfupa. Naogopa mpaka chakula hakipiti. Koleo anataka mtu wa kunikunja nikirudi nyumbani, mtu asiyenihurumia. Nimekuja kwako."

"Kwa nini mimi?"

"Umenikasirikia."

Mwalimu alimgeukia. Kona moja ya mdomo ilitaka kucheka, akaizuia. "Na unafikiri hiyo ndiyo posa?"

"Sijafika huko. Naomba kukunjwa kwanza."

"Ingia basi ndani, uache kuniganda dirishani."

Alijaribu. Alifungua mlango wa pili, akakaa, mgongo ukaingia, kichwa kikaingia, mguu ukabaki nje umenyooka kama mti wa kizuizi cha lango. Aliuvuta kwa mikono, akaufinya, jasho likamtoka. Haukuingia. Walitazamana juu ya gia.

"Siwezi," alisema.

"Wala mimi siwezi."

"Basi nitatembea pembeni. Wewe washa, gia ya kwanza, polepole. Nitashika dirisha. Ukiogopa, niambie. Nikiogopa, nakwambia."

Gari liliwaka. Klachi ikaenda chini, ikatetemeka, ikaachiwa taratibu, na lile gari jeupe likaanza kwenda mwendo wa kiwete, mtu mmoja ndani, mmoja nje na gongo, mkono wake kwenye dirisha.

"Naogopa," Mwalimu alisema.

"Na mimi. Usinikanyage kidole."

"Unaona ule ukuta?"

"Nauona. Uko mbali. Kata kulia."

Walizunguka matairi mara mbili. Injini ilizima mara nne. Vijana wa gereji wakasimama kutazama, hakuna aliyeelewa nani anamfundisha mwenzake. Mzunguko wa tatu Mwalimu alilia, akiendesha, bila kufuta.

"Alhamisi saa ngapi?" aliuliza.

*

Alhamisi asubuhi, wakimsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, meno ya Fundi yaligongana mpaka muuguzi akamwongezea blanketi. Mwalimu alitembea kando ya kitanda, na hakumwambia usiogope.

"Nitakuwa mlangoni," alisema. "Hata ukivunjika, nitakuwa mlangoni."

Kisha taa, kinyago cha mpira, mtu akimwambia avute pumzi. Hakusikia kitu.

Alipoamka mguu ulikuwa unawaka moto. Koleo alisimama upande mmoja, Mwalimu upande mwingine, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko.

"Mfupa?" Fundi aliuliza. Ulimi ulikuwa mzito.

"Mzima," Koleo alisema. "Mia na tano mezani. Sasa ni kazi ya kuilinda. Mwalimu, shika hapa na hapa. Akipiga kelele, endelea. Akiacha kupiga kelele, niite."

Jumamosi walimruhusu kurudi nyumbani. Kila baada ya saa mbili Mwalimu aliingia chumbani na taulo, akafunga mlango kwa funguo, akapitisha taulo kwenye kifundo cha mguu na kuvuta. Goti lilitaka kurudi lilikotoka. Ilikuwa kama kuvuta mzizi. Fundi alipiga kelele ambazo mtaa uliacha kazi ukazisikiliza.

"Inatosha! Basi!"

"Bado."

"Litakatika!"

"Likikatika tutakwenda kushona. Bado kidogo."

Mchana wa Jumapili dada yake hakuweza tena. Alipiga mlango kwa viganja viwili. "Fungua! Mwachie ndugu yangu! Wewe mwanamke una moyo gani? Nimemlea huyu mgongoni mwangu, hujui! Fungua, nakuambia, au naita watu!"

Mwalimu hakuliachia taulo. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, Fundi aliyaona, lakini sauti iliyokwenda mlangoni ilikuwa kavu kabisa.

"Wifi, kaa chini upumzike. Nikimaliza nitafungua."

Viganja viliacha kupiga.

"Umeniitaje?" dada mtu aliuliza kutoka nje.

"Umemwitaje?" Fundi aliuliza kutoka kitandani.

"Wewe usitumie hiyo kukwepa," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akalilegeza taulo. "Nimesema nilichosema. Kama hukitaki, sema sasa hivi, nikusaidie mpaka Jumanne ya kliniki niende zangu."

Fundi alimtazama, kisha akalitazama goti. Lilikuwa limevimba, limeiva rangi, na woga ulikuwa palepale ulipokuwa, haujasogea hata inchi. Akaliondoa taulo mikononi mwa Mwalimu. Akajishika kifundo cha mguu kwa mikono yake yote miwili, akafumba macho, akavuta mwenyewe, akapita pale Mwalimu alipokuwa amefika, akaendelea kuvuta, mdomo wazi, bila sauti.

Nje ya mlango miguu ilirudi polepole. Koo likasafishwa.

"Wifi," dada mtu alisema, kwa sauti ya mtu anayelijaribu neno. "Ukimaliza naye, toka ule. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

"Nakuja, wifi," Mwalimu alijibu. "Bado kidogo."